Jipemoyo: Utafiti wa Kukaa na Watu

Takwimu hutuarifu watu ni wangapi; hazitwambii wanaishije. Ili kulijua hilo, mtafiti hana budi kukaa nao. Katika miaka ya 1960, Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Ufini, aliishi katika kijiji cha Bunju, karibu na Dar es Salaam, akahudhuria unyago na matambiko ya Wazaramo. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1970.

Kati ya 1975 na 1979, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilishirikiana na Akademia ya Ufini katika mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo. Humo wanavijiji, wakulima kwa wafugaji, hawakuhojiwa tu, bali walishauriana na watafiti juu ya matatizo yao wenyewe.

Hata hivyo, makala za mradi zilizoanza kutolewa kitabu mwaka 1977 ziliandikwa kwa Kiingereza. Hivyo wengi waliotoa maarifa hayo hawakuweza kuyasoma. Kushirikisha watu katika utafiti na kuwaacha nje ya uchapishaji ni kuikatisha kazi njiani. Ni wajibu wetu kuikamilisha kwa Kiswahili.