Mwalimu wa Walimu wa Hesabu

Kila ifikapo tarehe 29 Februari humkumbuka Padre Christopher Clavius. Msomaji asiyemfahamu asione haya, kwani hata katika vyuo vyetu vya ualimu jina lake halitajwi sana, ingawa kalenda tuliyotundika ukutani ina jasho lake.

Clavius alizaliwa Bamberg, Ujerumani, mwaka 1538. Alijiunga na Wajesuiti mwaka 1555, akasoma Coimbra nchini Ureno, kisha akafundisha hesabu katika chuo cha shirika lake huko Roma kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Papa Gregori wa 13 alipotaka kurekebisha kalenda, wazo la msingi lilikuwa la tabibu Luigi Lilio, lakini Clavius ndiye aliyelifafanua na kulitetea vitabuni. Hivyo mwaka 1582, Oktoba 4 ilifuatwa na Oktoba 15.

Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na jambo jingine. Siku zile somo la hesabu lilidharauliwa. Wapo wanafalsafa waliodai kuwa si elimu kamili. Clavius akawaandikia wakuu wake kwamba mwalimu wa hesabu naye aalikwe kwenye sherehe za kutunuku shahada na midahalo ya hadhara, ili wanafunzi wamwone na waliheshimu somo lake. Tena akataka walimu wa hesabu waandaliwe kwa mafunzo maalumu.

Hali hiyo naijua. Kwa miaka mingi nilipokea wanachuo waliokwisha ambiwa tangu darasa la tatu kuwa hesabu ni ya wachache. Wasiposaidiwa, huenda kuwaambia watoto maneno yayo hayo.

Clavius alishikilia hadi kifo chake, mwaka 1612, kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia. Lakini mbegu aliyopanda ilikwenda mbali. Mwanafunzi wake Matteo Ricci, akishirikiana na Xu Guangqi, alichapisha kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya Euclid mwaka 1607, wakitumia toleo la mwalimu wake. Wachina wakasoma jometri kwa lugha yao wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa shule: siku ya mahafali, mwalimu wa hesabu mwekeni kiti mbele, watoto wamwone.