Mtoto Akiumia Baada ya Chanjo: Ukweli Hutafutwaje?

Kila kampeni ya chanjo inapotangazwa hapa Goma, swali moja hurudi katika mikutano yetu: mtoto akishikwa na homa kali, au akifariki, siku chache baada ya kuchanjwa, ni nani atakayetuambia sababu? Swali hili si la uasi wala la ujinga. Ni swali la mzazi, nalo lina historia yake.

Mwaka 1930, mjini Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walipewa chanjo ya kifua kikuu. Zaidi ya 70 walikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Katika maabara ya mjini humo ilikuwa imechanganyika na vijidudu vikali vya ugonjwa. Mwaka 1932 madaktari wawili walihukumiwa kifungo. Tangu hapo ilieleweka kwamba dawa huchunguzwa, na mkono unaoiandaa huchunguzwa pia.

Jambo la namna hiyo limetokea karibu nasi. Mwezi Mei 2017, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Kamati ya taifa, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, iliuliza maswali ya kawaida ya kazi hiyo: Dalili zilianza saa ngapi? Kichupa kilihifadhiwa wapi? Nani alichanja, na kwa sindano ipi? Majibu yalikuwa ya kusikitisha. Bomba moja la kuchanganyia dawa lilikuwa limetumika siku zote nne. Chanjo zilikaa mahali pasipo na baridi. Waliochanja hawakuwa na ujuzi wala mafunzo. Watoto waliuawa na sumu ya vijidudu vilivyoingia ndani ya dawa, na serikali ikalitamka jambo hilo hadharani.

Nchini mwetu, mwezi Machi 2023, ilitangazwa kwamba watoto sita wa Tanganyika na Kivu Kusini walikuwa wamepooza kwa kirusi kilichotokana na chanjo mpya ya polio ya matone. Habari hiyo ilijulikana kwa sababu kila mtoto anayelegea viungo ghafla hupaswa kuchukuliwa choo mara mbili, nacho hupimwa maabarani. Kirusi kilichodhoofishwa, kikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, hubadilika na kurudia ukali wake. Kwa hiyo dawa inayolinda wengi iliwaumiza wachache pale ilipofika nusunusu. Ukweli huo ni mgumu, lakini ulisemwa.

Hatusemi haya ili kuwatia hofu wazazi. Surua peke yake iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo katika mlipuko wa 2019 na 2020, wengi wao watoto wadogo. Tena si kila ugonjwa unaofuata chanjo umeletwa na chanjo: malaria haingoji siku ya chanjo ipite. Ndiyo maana wachunguzi huuliza pia kama watoto wasiochanjwa wa kijiji kilekile waliugua vivyo hivyo.

Lakini uchunguzi hauishii kwenye kujua sababu. Uingereza tangu 1979, na Marekani tangu 1986, zina sheria ya kuwalipa walioumizwa na chanjo, kwa kuwa aliyeumia katika jambo lililofanywa kwa faida ya wote asiachwe abebe mzigo peke yake. Hoja hiyo ni ya haki, wala si ya nchi tajiri tu.

Basi sisi tufanye nini? Tuitunze kadi ya chanjo. Tukumbuke siku na saa dalili zilipoanza. Tumwambie muuguzi wa kituo cha afya mapema, kabla ya kuwaambia majirani. Kisha tudai jibu, kwa adabu na bila kuchoka. Na familia iliyofiwa tusiiache kati ya uvumi wa mtaa na ukimya wa ofisi. Tukae nayo hadi jibu lipatikane.