Kalipa, Koleo la Breki

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya Land Rover 109 ya mjomba wangu, Arusha. Tairi la mbele limeshatolewa, dramu ya inchi 11 iko chini, ndani yake tope lililokauka tangu tulipovuka mto wiki iliyotangulia. Akaninyooshea kipande cha chuma. "Shika kalipa hiyo, mdogo wangu, usiiangushe." Pistoni mbili upande huu, mbili upande wa pili, zinatazamana, na katikati mwanya wa kupitisha diski. Nikakumbuka koleo la mhunzi, lile la kushikia chuma kikiwa chekundu.

Jina "kalipa" limetufikia kutoka Kiingereza, ambako kwanza lilikuwa la kifaa cha kupimia unene, chenye miguu miwili inayokikumbatia kitu kinachopimwa. Kwa umbo hilo jina likahamia kwenye breki. Anayelisikia kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili halimwambii lolote, ila "koleo" linamwonyesha kazi yenyewe. Kikwazo ni kwamba sehemu nyingi za bara koleo ni beleshi la kuchotea mchanga, na ukienda duka la spea kuuliza koleo la breki utatazamwa tu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dukani tuseme kalipa, kwenye maelezo tuseme koleo. Diski nayo ibaki diski. Sahani ingefaa, lakini tumeshaipa santuri na klachi, na gereji haihitaji sahani mbili kwenye gari moja.

Breki za diski si ngeni. Frederick Lanchester alizisajili kwa hataza Birmingham mwaka 1902, na Jaguar ilishinda Le Mans nazo mwaka 1953. Land Rover za kazi zilichelewa. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilitoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne, na diski za mbele zilikuja na 110 mwaka 1983. Ndiyo maana wenye magari haya ya zamani wanabadilisha wenyewe. Dramu iliyoingia maji hushika kwa kusuasua, na tope likishaingia husaga viatu vya breki na dramu pamoja. Diski iko wazi, hujikausha na kujisafisha yenyewe.

Hapa ndipo picha ya koleo inapomsaidia mnunuzi. Ndani ya dramu, kiatu kinachoelekea upande wa mzunguko huvutwa na dramu yenyewe, kikazidi kujikaza, hivyo mguu wa dereva hupata msaada wa bure. Koleo halina msaada huo. Linabana kwa nguvu liliyopewa, basi. Mtu akinunua diski na kalipa na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa, atakanyaga pedeli kwa mguu mzima na gari litazidi kwenda. Anahitaji busta, kifaa cha kuuongezea mguu nguvu.

Halafu masta, silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki. Pistoni za kalipa ni pana kuliko zile za silinda ndogo za dramu, kwa hiyo zinadai mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga. Masta ndogo itakupa pedeli inayozama hadi chini. Wengi hukimbilia masta kubwa bila kupiga hesabu. Ukitoka kipenyo cha milimita 19 kwenda 25, mafuta yanayosukumwa kwa mwendo uleule wa pedeli huongezeka kwa takriban asilimia 73, lakini kwa nguvu ileile ya mguu presha hushuka hadi karibu asilimia 58 ya ile ya awali. Chagua kalipa kwanza, kisha masta inayolingana nayo, kisha busta ya kufidia. Ukianza na masta kwa sababu imepatikana kwa bei nzuri, utanunua mara mbili.

Masta ya dramu ina hatari nyingine iliyojificha: baadhi zina valvu ya kubakiza presha kidogo kwenye mabomba ili viatu visirudi mbali. Kwenye diski presha hiyo huziacha pedi zikisugua safari nzima, na diski inaungua.

Kwa njia za tope mimi napendelea kalipa isiyosogea, yenye pistoni pande zote mbili kama ile niliyoshikishwa. Ile ya kuteleza ina pistoni upande mmoja na hutegemea pini zake zisogee. Tope na kutu vikizikamata, pedi moja huisha na nyingine inabaki nzima. Pima pia rimu. Kalipa inayokaa vizuri ndani ya rimu ya inchi 16 huenda ikagusa ya inchi 15.

Siku ile Arusha kila kitu kililingana, ila pedeli ilibaki laini kama sponji. Tulitoa upepo mpaka chupa mbili za mafuta zikaisha. Jioni fundi alilala chali chini ya gari na tochi mdomoni, akanyamaza kidogo, akaniita. Nipeli za kutolea upepo zilikuwa zinatazama chini. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, ya kushoto kulia, na upepo ulikuwa umekaa juu ya pistoni, hauna pa kutokea. Akazifungua, akazibadilisha nafasi, mjomba akakanyaga, upepo ukatoka ukichemka ndani ya mpira. Mara ya nne pedeli ikasimama.