Kuuliza si Ujinga

Mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi humtambua mwanafunzi kwa maswali yake zaidi ya kumtambua kwa majibu yake. Jibu mtoto anaweza kulinakili kwa jirani, lakini swali zuri hanakili mtu. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi tangu nilipostaafu na kurudi kukaa hapa Zegereni, ambako wajukuu na vijana wa jirani hunijia na kompyuta zao wakidhani kwamba aliyekuwa mwalimu mkuu lazima ajue kila kitu. Mambo mengi siyajui. Ninachokijua ni historia ya namna watu walivyosaidiana kuielewa mashine hii, nami nimeona niiandike, kwa sababu ndani yake limo somo kwa shule zetu.

Tuanzie kwetu. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha kwa ajili ya hesabu za serikali. Fedha nyingi zilitumika, wataalamu wengi walitoka nje, na matunda yaliyopatikana hayakulingana na gharama. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ikapita miaka mingi kabla milango haijafunguliwa tena. Leo wako wanaoicheka amri ile na kuiita ya giza. Mimi siicheki. Nchi changa, yenye fedha kidogo za kigeni, ilijikuta imenunua chombo ambacho siri yake wanayo wengine. Kikiharibika, uite mgeni. Ukitaka kukibadili, umwombe mgeni. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa dawa iliyochaguliwa ilituchelewesha. Kizazi changu cha walimu kilisoma chuo cha ualimu, kikafundisha na kuanza kustaafu bila kugusa kibodi.

Lakini katika miaka ileile tulikuwa na ujuzi wa namna nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Nilikuwa kijana, mwalimu mgeni kazini. Watu wapatao 2,000,000 nchini walijiunga na vikundi, kila kikundi kikakusanyika kuzunguka redio moja na kitabu kimoja, mara moja kwa wiki, kwa majuma kumi na mawili. Redio ikisema, tunanyamaza. Ikimaliza, tunajadili: maji ya kisima chetu yanachafuliwa na nini? Choo kichimbwe wapi? Asiyejua kusoma alisomewa, na aliyejua kuchimba alimwonyesha mwalimu namna ya kushika sururu. Hapakuwa na fundi mkuu. Chombo kilikuwa kimoja na maarifa yalikuwa ya wote. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo tunapovuka bahari.

Huko Marekani, katika maabara ya chuo kikuu cha MIT, karibu na mwaka 1980, alikuwapo mtaalamu mmoja aitwaye Richard Stallman. Maabara yao ilipewa na kampuni ya Xerox mashine mpya ya kuchapa karatasi. Ilikuwa nzuri, ila karatasi zilikwama mara kwa mara, na watumiaji walikaa ghorofa nyingine bila kujua. Mashine ya zamani waliwahi kuirekebisha wenyewe ili itoe taarifa inapokwama. Hii mpya haikurekebishika, kwa kuwa maandishi ya programu yake, yaani yale maelekezo yanayosomeka na binadamu, yalifichwa. Stallman akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akamwomba nakala. Akanyimwa, maana yule mtu alikuwa ametia saini ahadi ya kutompa yeyote. Jambo hilo lilimuuma. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Baadaye ikaandikwa leseni ya kulinda haki hiyo: ukigawa programu hiyo, unamgawia mwenzako na haki ulizopewa wewe.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, aliwaandikia watumiaji wenzake wa kompyuta kwamba anatengeneza kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kujifurahisha tu, wala hakutegemea kiwe kikubwa. Aliwauliza wangependa kiwe na nini. Mfumo wa Linux basi ulizaliwa na swali. Watu wakajibu. Mmoja akasema diski yake haisomeki, mwingine akaandika sehemu ya kusomea diski ya namna hiyo, wa tatu akaijaribu kwenye mashine yake na kuleta taarifa. Mwaka 1992 Torvalds akaiweka kazi yake chini ya leseni ya GNU. Viwanda vingi vya vifaa havikuwa na haja na kijana wa Helsinki, kwa hiyo vifaa vilijulikana kimoja kimoja, kwa watu wenye vifaa hivyo kupima, kukosea, kupima tena na kuandika walichokiona. Msaada wa jamii ndio ulioijenga Linux tangu siku zake za mwanzo.

Sisi wa Kibaha tuna sababu ya kutabasamu hapa. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Shule, kituo cha afya na mafunzo kwa wakulima viliwekwa pahali pamoja, kisha tarehe 10 Januari 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Watanzania. Uzuri wa msaada ule ulikuwa katika kukabidhi. Mgeni alijenga, akafundisha, akatoa funguo. Msaada usiotoa funguo ni deni, hata kama haudai senti.

Mwaka 2004 ilitoka Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni la Kibantu, ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, kampuni yake ilituma santuri za mfumo huo bure, kwa posta, popote duniani. Kwa mtu wa Ulaya hilo lilikuwa jambo dogo. Kwetu lilikuwa kubwa. Santuri moja hubeba megabaiti 700 hivi. Kwa simu ya waya, hata mwendo ukiwa kamili, kuivuta kulihitaji zaidi ya siku nzima bila kukatika, na nani ameona laini ya namna hiyo? Mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, bahasha katika sanduku la posta la shule ndiyo iliyokuwa intaneti yetu, na santuri ikitoka mkono mmoja ilikwenda mwingine, kwa ruhusa ya waliyoitengeneza.

Mwaka huohuo wa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washauri wa Sweden waitwao IT+46, walikuwa katika mradi wa Kilinux. Kazi yao ilikuwa kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka ule ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maelekezo ya Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kumwomba mtu kibali, kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi. Waliotaka kufasiri walifasiri. Wako waliobeza maneno mapya, wakasema nani atazoea kuita folda kabrasha. Mimi kama mwalimu niliona jingine: mtoto anayesoma onyo kwa lugha anayoielewa huuliza swali zuri kuliko yule anayebonyeza tu ili onyo liondoke.

Hata hivyo tafsiri ni kama paa la makuti, haidumu bila kuezekwa upya. Programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyofuatwa huchakaa. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice. Mradi ukiisha, wafasiri hurudi kwenye kazi zao. Ndiyo maana hadi leo kijana wa Zegereni akipatwa na shida, majibu mengi atakayoyapata ni ya Kiingereza, na wengi hukata tamaa kabla hawajauliza.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Miaka kadhaa iliyopita shule moja ya huku kwetu ilipewa kompyuta za mtumba, za mezani na za mkononi. Vijana wakaziwekea Linux, zikawaka vizuri, lakini zile za mkononi hazikuona mtandao usio na waya hata kidogo. Fundi wa mjini akasema vifaa vimekufa, vinunuliwe vingine. Mwalimu mmoja kijana hakukubali. Kwanza akaitumia amri ya lspci -nn, ambayo huorodhesha vifaa vilivyo ndani ya mashine. Kifaa cha mtandao kilikuwamo, na baada ya jina lake kulikuwa na namba mbili za kukitambulisha: ya kwanza ya kiwanda, ya pili ya kifaa chenyewe. Kumbe hakikufa. Kilikosa programu ndogo ya kukiamsha, ambayo kiwanda kilikataa isigawiwe pamoja na mfumo. Ni kisa kilekile cha karatasi za Stallman, kimefika Mkoa wa Pwani.

Dawa ilikuwa kuivuta programu hiyo kutoka mtandaoni. Lakini utaivutaje na mashine haina mtandao? Hapo akaandika swali kwa wenzake wa mbali: aina ya mashine, toleo la mfumo, zile namba mbili, maneno ya onyo bila kupunguza herufi, na yote aliyokwisha kujaribu. Akajibiwa na mtu asiyemjua: chomeka simu yako kwa waya wa kuchajia, ruhusu simu iipe kompyuta mtandao, kisha vuta. Kwa bando dogo na muda mfupi, mashine ya kwanza ikaona mtandao. Nyingine zikafuata. Tofauti ya fundi yule na mtu wa mbali haikuwa elimu peke yake. Mtu wa mbali aliulizwa vizuri.

Si kila aulizaye hujibiwa hivyo. Wako wanaojibu kwa dharau, na wako wanaoagiza amri za hatari kwa mzaha. Asiyeelewa amri asiiandike mpaka aisome maana yake. Tena msaada huu haulipiwi fedha, lakini una gharama: bando, umeme, na saa za mtu ambaye hakulazimika kukusaidia. Malipo yake ni kurudi kueleza kama dawa imefanya kazi, ili mwenye shida kama yako kesho asianze upya. Wengi wetu hapo ndipo tunapokosa adabu. Tukipona, tunamsahau mganga.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya toleo linalofuata. Shule zenye mashine za mtumba zinajua maana yake. Linux inaweza kuziongezea miaka, maana yako matoleo mepesi yaliyotengenezwa kwa mashine dhaifu. Lakini kubadili mfumo bila kujenga kikundi cha watu wanaouelewa ni kuhamisha utegemezi kutoka nyumba hii kwenda ile. Nimeona shule ambayo kijana mmoja alijua yote. Alipopata uhamisho, chumba kikafungwa kwa kufuli, na vumbi likawa mwanafunzi pekee.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni wa kizamani. Kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la kurasa nyingi, limefungwa kamba mezani. Shida yoyote iandikwe humo kwa Kiswahili: tarehe, mashine gani, onyo lilisemaje, nani aliulizwa, alijibu nini, na je, ilipona? Asiandike mtu mmoja, waandike zamu kwa zamu, hata wa kidato cha kwanza. Kila Ijumaa kikundi kikae kusoma yaliyoandikwa, kama tulivyokaa mwaka 1973 kuizunguka redio. Jibu lililopatikana kwa Kiingereza lifasiriwe na lipelekwe shule ya jirani. Daftari hilo halihitaji mfadhili wala umeme, na kijana anayejua yote akihamishwa, litabaki mezani.