Mazoezi ya baleti: Namna ya kutambua mtindo wa kila kampuni

MKENYA aliyezoea tamasha za muziki za shule hahitaji kuambiwa ni ngoma gani inayochezwa mbele yake. Isukuti huijua kwa mabega na chakacha kwa kiuno, hata kabla wimbo haujashika kasi. Katika baleti, ile densi iliyozaliwa katika makasri ya Italia na kulelewa Ufaransa, mambo ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba alama zenyewe ni ndogo, na jukwaani hufunikwa na mavazi, taa na mapambo.

Ndiposa anayetaka kulinganisha kampuni za baleti hufaidika zaidi akitazama mazoezi kuliko onyesho lenyewe. Mazoezini hakuna taji la malkia wala mbawa za bata-maji. Kuna sakafu, kioo, piano moja, na watu waliovaa fulana zilizochakaa na soksi za sufu wakirudia hatua nne zile zile hadi msimamizi aridhike. Kinachobaki ni mwili na namna ulivyofunzwa.

Zamani fursa hiyo ilikuwa ya wachache, na si wote walioifuata kwa nia njema. Katika jumba la opera la Palais Garnier jijini Paris, lililofunguliwa mwaka wa 1875, wanaume matajiri walionunua tikiti za msimu mzima waliruhusiwa kuingia katika chumba cha wachezaji kilichoko nyuma ya jukwaa. Mchoraji Edgar Degas (1834-1917) aliwachora wasichana wa baleti wakijinyosha, wakipiga miayo na kufunga viatu, na katika baadhi ya michoro hiyo mabwana wenye kofia ndefu nyeusi husimama pembeni wakiwakodolea macho.

Mambo yamebadilika. Mnamo Machi 2012, kampuni ya Royal Ballet ya London ilionyesha siku yake nzima ya kazi moja kwa moja katika intaneti. Oktoba 1, 2014, kampuni tano zilishirikiana kuanzisha Siku ya Baleti Duniani: Royal Ballet, Bolshoi ya Moscow, Australian Ballet, San Francisco Ballet na National Ballet of Canada. Kwa muda wa saa 20 hivi, mtazamaji aliye Nakuru au Mombasa aliweza kuona darasa la Melbourne, kisha la Moscow, kisha la London, bila kuinuka kitini.

Darasa la asubuhi

Kila kampuni huianza siku kwa darasa la saa moja na robo au saa moja na nusu. Nyota na chipukizi husimama pamoja, wakiwa wameshika ufito wa mbao uliofungwa ukutani. Huanza kwa kukunja magoti taratibu, hufuata kunyosha wayo sakafuni, kisha kurusha mguu juu. Baadaye huuacha ufito na kuingia katikati ya chumba, ambako huzunguka kwa mguu mmoja na kumalizia kwa miruko.

Utaratibu huo ni karibu mmoja ulimwenguni kote, na majina ya hatua ni ya Kifaransa hata kwa asiyejua Kifaransa. Mchezaji kutoka Havana anaweza kushuka ndege Copenhagen na kesho yake akafuata darasa bila mkalimani. Kwa kuwa mpango ni mmoja, tofauti hudhihirika upesi. Ni sawa na manju wawili wanaoghani utenzi mmoja: beti ni zile zile, ila kila mmoja ana mahali pake pa kuvuta pumzi.

Mgeni hutazama miguu, na hapo ndipo wengi hupotoka. Miguu ya wachezaji wa kiwango cha juu hufanana mno. Siri i katika shingo, mabega, mikono, na hasa katika kile kinachotendeka kati ya hatua moja na nyingine.

Mgongo wa Kirusi, mruko wa Kidenmarki

Katika kampuni ya Mariinsky ya St. Petersburg, jambo la kwanza kuonekana ni mgongo. Mkono ukiinuka, kichwa na sehemu ya juu ya mgongo huufuata, kana kwamba mwendo wote umeanzia kati ya mabega. Huu ni urithi wa Agrippina Vaganova (1879-1951), mchezaji aliyegeuka mwalimu na kuchapisha kitabu chake cha misingi ya baleti mwaka wa 1934. Vaganova alichukua ulaini wa Wafaransa na nguvu za Waitalia, akazichanganya na hisia za Kirusi katika mfumo unaopangwa mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni.

Bolshoi ya Moscow hufunza kwa misingi hiyo hiyo, lakini hucheza kwa sauti kubwa zaidi, ikiwa densi inaweza kuwa na sauti. Miruko ni mipana, na wanaume hupewa kazi ya kishujaa, hasa tangu Yuri Grigorovich alipotunga toleo lake la "Spartacus" mwaka wa 1968. Hata hivyo, mpaka kati ya miji hiyo miwili si ukuta. Galina Ulanova, aliyekuwa fahari ya Moscow, alilelewa Leningrad na kuhamishwa mwaka wa 1944.

Mtazamaji akitoka hapo na kwenda Copenhagen, atadhani ameingia katika sanaa nyingine. Mtindo wa kampuni ya kifalme ya Denmark uliasisiwa na August Bournonville (1805-1879), mtunzi wa "Napoli" ya mwaka wa 1842. Mikono hukaa chini na kutulia, ilhali miguu huruka na kugonganagongana hewani kwa kasi. Mchezaji hutarajiwa kutua na kupaa tena kana kwamba sakafu ndiyo iliyomrusha, na uso usionyeshe hata chembe ya taabu. Isitoshe, hatua ikichezwa kulia, aghalabu hurudiwa kushoto, jambo linaloufichua haraka upande ulio dhaifu.

Baada ya kifo cha Bournonville, wanafunzi wake walikusanya mazoezi yake katika madarasa sita, moja kwa kila siku ya kazi. Yalirudiwa kizazi hata kizazi. Yaliuhifadhi mtindo, lakini pia yaliwachosha wachezaji, kwani mwili unaofanya jambo lile lile kila Jumanne huzoea na kulala. Leo wachezaji wa Copenhagen hufunzwa pia mitindo mingine.

Paris, London na New York

Shule ya opera ya Paris ilianzishwa mwaka wa 1713, na inajua hivyo. Katika mazoezi ya kampuni hiyo, jicho la msimamizi huwa kwenye nyayo: ziwe zimenyooka, zipangwe mahali pake barabara, hatua ndogo ndogo zisipakwe matope. Wachezaji wamepangwa kwa madaraja matano, kuanzia safu ya chini hadi nyota. Kwa miaka mingi mtu alipanda daraja kwa kushindana hadharani na wenzake wa chumba kimoja. Pengine ndiyo sababu Wafaransa hucheza kama watu wanaojua kuwa wanasahihishwa.

Royal Ballet iliasisiwa na Ninette de Valois mwaka wa 1931, na mtindo wake umeundwa zaidi na watunzi kuliko walimu. Frederick Ashton (1904-1988) alitaka kiwiliwili kipinde: mbele, kando, nyuma, huku miguu ikienda mbio chini yake. Katika mazoezi ya kazi zake, agizo la kuinama zaidi hurudiwa kama kiitikio. Kenneth MacMillan (1929-1992) naye alidai mchezaji awe mwigizaji. Katika "Romeo and Juliet" yake ya mwaka wa 1965, Juliet hukaa kitandani bila kutikisika huku muziki ukivuma, na kukaa huko hufanyiwa mazoezi kwa uzito ule ule wa hatua ngumu.

New York ndiko tofauti iliko wazi kuliko kwingineko. George Balanchine, mzaliwa wa St. Petersburg mwaka wa 1904, alianzisha shule yake Marekani mwaka wa 1934 na kampuni ya New York City Ballet mwaka wa 1948. Alitaka kasi, mwili mrefu, na nyonga inayofunguka ili mguu wa nyuma uende mbali zaidi ya ule uliokubaliwa na walimu wa zamani. Vidole vya mkono huonekana kimoja kimoja. Muziki ndio bwana. Mchezaji hafuati piano, yumo ndani yake.

Kuna kipimo chepesi ambacho hata mgeni anaweza kukitumia. Tazama maandalizi ya kuzunguka. Mchezaji wa Kirusi au wa Kiingereza hukunja magoti yote mawili kabla ya kuanza, na mtazamaji hupata ilani. Wa Balanchine huuacha mguu wa nyuma umenyooka kama anayepiga hatua ndefu, kisha ghafla anazunguka.

Kulinganisha huku si jambo la makaratasi tu. Mwaka wa 1967 Balanchine alitunga "Jewels" yenye sehemu tatu: zumaridi zinazoinukia Kifaransa, yakuti nyekundu za Kimarekani, na almasi za Kirusi. Julai 2017, ilipotimiza miaka 50, kampuni tatu zilikutana katika Lincoln Center jijini New York. Opera ya Paris ilicheza zumaridi, nao New York City Ballet na Bolshoi wakapokezana yakuti na almasi usiku baada ya usiku. Watazamaji waliona hatua zile zile, kwa muziki ule ule, zikitoka katika miili iliyolelewa mbalimbali. Ni nadra mtu kupata ulinganisho safi kuliko huo.

Gharama ya kuhama

Kwa mchezaji mwenyewe, mtindo si pambo la wahakiki. Ni mkate wake. Mikhail Baryshnikov, aliyelelewa katika mfumo wa Vaganova na kuhamia Magharibi mwaka wa 1974, alikuwa tayari mchezaji mashuhuri kuliko wote alipojiunga na New York City Ballet mwaka wa 1978. Akiwa na umri wa miaka 30, alikubali kuwa mwanafunzi tena. Alijifunza majukumu mengi kwa muda mfupi, akasumbuliwa na maumivu, na baada ya mwaka mmoja na ushei akaondoka kwenda kuongoza American Ballet Theatre. Ikiwa yeye alitaabika, seuze chipukizi asiye na jina anayehama kutafuta kazi?

Aidha, neno mtindo limewahi kutumiwa kama kufuli. Safu ya wasichana katika "La Bayadère", 24 au 32 kutegemea kampuni, hushuka mteremko mmoja mmoja wakirudia mkao ule ule, na hutakiwa waonekane kama mtu mmoja. Kwa miongo mingi, hoja hiyo ya kufanana iliwafungia nje wachezaji weusi, kana kwamba rangi ya ngozi ni sehemu ya hatua. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeingia New York City Ballet mwaka wa 1955, alijibu kwa kuanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka wa 1969 pamoja na Karel Shook. Huko soksi na viatu vilitiwa rangi ya ngozi ya kila mchezaji ili mstari wa mguu usikatike. Kiwanda maarufu cha viatu vya baleti cha Freed jijini London kilianza kuuza viatu vya kahawia mwaka wa 2018 tu, kwa ushirikiano na kampuni ya Ballet Black.

Kumbukumbu isiyo na kitabu

Hofu ya sasa ni nyingine: kwamba baada ya kizazi kimoja hivi hakutakuwa na cha kulinganisha. Kampuni kubwa huajiri kutoka kila bara, huwaalika watunzi wale wale, na wachezaji huigana kupitia video. Mguu unaofika sikioni hushangiliwa kila mahali, hata katika kazi za karne ya 19 ambazo hazikuuhitaji.

Baleti haina andiko moja linaloaminiwa na wote kama noti za muziki. Ipo mifumo ya kuandika hatua, na Royal Ballet hutumia ule uliobuniwa na Rudolf na Joan Benesh katika miaka ya 1950. Lakini sehemu kubwa ya urithi hupita kutoka mwili hadi mwili: aliyecheza jana humfunza anayecheza leo. Mnyororo ukikatika, kazi hupotea, na kadhaa za Ashton zimekwisha kupotea.

Wakati mwingine hubahatika kurudi. Nicholas Sergeyev alipoondoka Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, alibeba maandishi ya hatua za kazi nyingi za Marius Petipa. Kwayo Waingereza walijifunza "Swan Lake" na "Sleeping Beauty" katika miaka ya 1930. Sasa yamo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mariinsky iliyatumia kufufua "Sleeping Beauty" ya kale mwaka wa 1999, naye Alexei Ratmansky akafanya hivyo kwa American Ballet Theatre mwaka wa 2015. Ratmansky aliwataka wachezaji wateremshe miguu, wakunje magoti kidogo na kuzunguka bila kupanda hadi ncha ya vidole. Kwa waliotumia ujana wao wote kujifunza kuinua mguu, kushusha kulikuwa kazi mpya.

Copenhagen nako, tamasha la Bournonville la mwaka wa 2005 liliandamana na kutolewa kwa madarasa yake sita katika video na maandishi. Hatua zimehifadhiwa. Wepesi wa kuzicheza bado hutegemea kuwapo kwa mwalimu chumbani.

Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watoto waliofunzwa baleti kupitia shirika la Anno's Africa wamefanyia mazoezi yao katika darasa la kawaida la shule, madawati yakiwa yamesukumwa kando, bila kioo wala ufito. Kioo chao huwa ni jicho la mwalimu.

Kwa atakayetazama Siku ya Baleti Duniani, inafaa kuchagua zoezi moja tu, mathalani lile la mikono katikati ya chumba, na kulifuata katika kampuni tatu au nne mfululizo. Hatamwona Mrusi wa Bolshoi kati yao kama mwaka wa 2014. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, jumba la opera la London lilifuta msimu wa Bolshoi uliopangwa kiangazi hicho, na Siku ya Baleti ya Novemba mwaka huo ilifanyika bila Moscow.