Meli Iliyolala Ubavu: Tarehe ya Waokoa Meli

Waokoa meli walikuwa wakiishi kwa kusubiri. Tagi, meli ya kukokotea meli nyingine, lilitia nanga Falmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, au ng'ambo ya pili huko Brest, Ufaransa, na mtu wa redio hakubandua masikio yake kwenye chombo. Dhoruba ikivuma, wengine wakikimbilia bandarini, wao ndio waling'oa nanga. Mkataba wao ulikuwa fomu ya 1908 ya Lloyd's, soko la bima la London, na sharti lake lilikuwa fupi: usipookoa, hulipwi. Meli ikifika salama, waamuzi wa London hutazama thamani yake na ya shehena, hatari iliyokuwapo na ustadi wa kazi, ndipo wakate tuzo. Ikizama njiani, mafuta uliyochoma na kamba zilizokatika ni hasara yako.

Kisa chao kilichovuma kuliko vyote ni cha Flying Enterprise. Meli hiyo ya Marekani ilitoka Hamburg Desemba 21, 1951, na chuma ghafi, kahawa, matambara, magari machache ya Volkswagen na abiria 10. Krismasi ikaikuta katikati ya dhoruba, magharibi mwa Uingereza. Mabamba yakapasuka, shehena ikahamia upande wa kushoto, na meli ikaenda mrama isirudi. Nahodha yeyote wa jahazi anaujua msiba huu: mzigo ukishahama ngamani, wimbi dogo tu latosha. Desemba 29 abiria na mabaharia walijitosa majini wakaokotwa na mashua. Abiria mmoja alifariki. Nahodha Kurt Carlsen, mzaliwa wa Denmark, akabaki peke yake.

Husemwa kwamba alibaki kwa sababu meli isiyo na mtu ni mali ya atakayeiokota. Sivyo, mwenye mali habadiliki. Ila chombo kilichotelekezwa, mwokoaji anayekifikia kwanza ana haki ya kukishika na kukiamulia, na nahodha akiwamo, neno la mwisho ni lake. Carlsen alikuwa pia mpenzi wa redio, na kwa kijiredio chake aliendelea kuongea na meli zilizomzunguka.

Tagi la Turmoil lilifika Januari 3. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Kwanza hurushwa ugwe mwembamba, ugwe unavuta kamba, na kamba inavuta amari ya waya, nzito ya kushinda kundi la wanaume. Carlsen alikuwa na mkono mmoja tu wa kuvutia, wa pili ukishika asiporomoke baharini. Kila walipojaribu, kamba ilimponyoka. Siku ya pili tagi likajongea hadi vyuma vikakaribia kugusana, na Kenneth Dancy, msaidizi wa nahodha wa Turmoil, kijana wa miaka 27, akaruka akadaka reli. Sasa mikono ilikuwa minne. Meli ilikuwa imelala kiasi cha digrii 60, ukuta ndio sakafu, na wawili hao walitambaa hadi gubetini. Januari 5 amari ikafungwa, safari ya maili kama 300 kwenda Falmouth ikaanza.

Zilipobaki kama maili 40 amari ikakatika, na bahari ilikwisha kuchafuka tena. Alasiri ya Januari 10, 1952, Carlsen na Dancy walitembea juu ya dohani lililolala kama gogo, wakaruka, na Turmoil likawaokota. Meli ikazama muda mfupi baadaye. New York ilimpokea Carlsen kwa maandamano makubwa barabarani. Lakini kwa kanuni ya usipookoa, chuma kilichoko chini ya bahari hakina thamani ya kukatiwa tuzo.

Kanuni hiyo iliponza watu Machi 16, 1978. Usukani wa meli ya mafuta Amoco Cadiz uliharibika mbele ya pwani ya Brittany, Ufaransa. Tagi la Kijerumani Pacific lilifika, na huku upepo ukiisukuma meli, saa zikapita katika mabishano ya fomu ya Lloyd's, idhini ya wenye meli ikingojwa kutoka Chicago. Usiku ikapanda miamba ya Portsall, na zaidi ya tani 220,000 za mafuta zikamwagika. Mkataba wa kimataifa wa 1989 ndio uliokuja kuruhusu mwokoaji alipwe kwa kulinda mazingira hata meli ikipotea.

Ufaransa haikungoja hadi hapo. Mwaka 1979 serikali iliweka Brest tagi la Abeille Flandre. Upepo ulipozidi lilitoka likajibanza karibu na kisiwa cha Ouessant, likisubiri kama waliolitangulia, ila sasa kusubiri kwenyewe kulikuwa na mshahara.