Kidonge na Nia: Kanisa Katoliki na Tiba ya Homoni kwa Matatizo ya Hedhi

Tarehe 12 Septemba 1958, wiki chache kabla ya kifo chake, Papa Pio XII alihutubia mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa magonjwa ya damu. Alikuwa akijibu swali jipya wakati huo: je, ni halali kumeza dawa inayozuia yai kupevuka? Alijibu kwa kutofautisha. Mwanamke akiitumia kwa ushauri wa daktari kama tiba ya lazima ya ugonjwa wa kizazi au wa mwili mzima, utasa wa muda unaofuata ni matokeo yasiyokusudiwa, na tendo lake ni halali. Akiitumia ili asishike mimba, amekusudia utasa wenyewe, na hapo tendo limekatazwa.

Miaka kumi baadaye, Julai 1968, Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae. Watu wengi wanaukumbuka kwa katazo lake la vidhibiti mimba, lakini aya ya 15 ya waraka huohuo inahalalisha tiba zinazohitajika kuponya maradhi ya mwili, hata kama inajulikana mapema kwamba zitazuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Kwa hiyo msichana anayemeza vidonge vya majira kwa sababu ya chango linalomlaza kitandani kila mwezi, au mama anayevuja damu hadi kuishiwa nguvu, hatafuti msamaha wala ruhusa ya pekee. Yuko ndani ya mafundisho ya Kanisa lake. Inasikitisha kwamba jambo lililo wazi kiasi hiki husikika mara chache mno parokiani, na wanawake huachwa wabebe maumivu pamoja na hofu ya dhambi ambayo haipo.

Pingamizi zito linatoka ndani ya maadili yenyewe. Tangu Thoma wa Akwino alipojadili mtu anayejilinda na kumuua mshambuliaji bila kukusudia kifo chake, wanateolojia wamejenga kanuni ya matokeo mawili, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba jema lisipatikane kwa njia ya baya. Mpinzani atauliza: endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za utando wa kizazi kuota nje ya kizazi, hutulia kwa sababu homoni zimesimamisha mzunguko wa kawaida, je, si nafuu hiyo imenunuliwa kwa utasa?

Hoja hiyo inadhani kwamba kusimama kwa upevushaji wa yai ni uovu. Sivyo. Mimba huusimamisha, kunyonyesha huweza kuuchelewesha kwa miezi mingi, na hakuna aliyewahi kuita hali hizo kasoro ya kimaadili. Kinacholaumiwa na Humanae Vitae ni uamuzi wa kulifanya tendo la ndoa liwe tasa kwa makusudi. Kidonge hakina maadili yake chenyewe. Maadili yako katika kile mtu anachokitenda kwacho. Historia ya dawa yenyewe inakumbusha jambo hili: mwaka 1957 Marekani iliidhinisha Enovid kwa matatizo ya hedhi, na ikaiidhinisha kama kidhibiti mimba mwaka 1960.

Nia ya binadamu, hata hivyo, huchanganyika. Mke mwenye endometriosisi anaweza kuona unafuu pia kwamba mwaka huu hatapata mimba. Naamini kufurahia tokeo si sawa na kulikusudia. Kipimo cha haki ni hiki: angetumia dawa hii kwa ugonjwa huu hata kama haizuii mimba? Ikiwa ndiyo, dhamiri yake itulie. Wapo wanamaadili Wakatoliki wanaowashauri wanandoa wa namna hii wajizuie siku za rutuba, wakihofia kwamba utando wa kizazi uliofanywa mwembamba na homoni unaweza kukidhuru kiinitete. Ushahidi wa hofu hiyo bado unabishaniwa, nami nauona ushauri huo kama tahadhari, si sheria.

Kwa watawa swali ni jepesi zaidi. Mwishoni mwa 2011, watafiti Kara Britt na Roger Short walipendekeza katika jarida la The Lancet kwamba masista wapewe vidonge hivi ili kupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya mji wa mimba, kwa kuwa hatari hiyo huongezeka kwa wanawake wasiozaa. Pasipo tendo la ndoa hakuna la kuzuia. Linalobaki ni kupima faida na madhara, kama vile hatari ya damu kuganda.

Pingamizi la mwisho ni la kitabibu, ingawa mara nyingi huvikwa joho la maadili: kwamba vidonge hufunika dalili na kuacha chanzo. Daktari Thomas Hilgers wa Omaha, Nebraska, Marekani, amejenga juu ya wazo hilo mfumo mzima wa kuchunguza mzunguko wa mwanamke na kutibu kasoro zake, na shauku yake ya kutafuta chanzo inastahili heshima. Mgonjwa ana haki ya kuchunguzwa kabla ya kupewa kidonge. Lakini kutuliza dalili nako ni tiba: hatumnyimi insulini mwenye kisukari kwa kuwa haiondoi kisukari. Daktari akishaandika endometriosisi kwenye faili na kuagiza homoni, mfamasia wa hospitali ya Kanisa hana sababu ya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu, wala ya kumuuliza kama ameolewa.